Chumba cha Tatu, Mkono wa Kushoto

Nyumba ya baba, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
ina vyumba sita na ukumbi katikati kama mfereji:
ukisimama mlango wa mbele waiona ndoo ya uani.
Aliijenga kwa mshahara wa reli,
mwezi huu tofali, mwezi ule bati,
akasema, wanangu wasije wakapanga kwa mtu.
Juu ya kupangisha hakuacha neno.

Mwaka ule bati lilipoanza kututemea mate kitandani
fundi aliandika makadirio nyuma ya pakiti ya sigara.
Mama akaisoma, akaigeuza, akaisoma na upande wa chapa
kana kwamba nafuu imeandikwa huko.
Wiki ya pili tukatoa kitanda cha Mbwana.

Mbwana yuko Maskati, mwaka wa saba.
Sauti hutuma kila Ijumaa.
Pesa, Idi hadi Idi, na si kila Idi.
Viatu vyake mama alivipangusa kila Alhamisi
kama vile miguu iko njiani.
Nikavitia boksini, boksi nikalisukuma chini ya kitanda changu,
nikabandika karatasi dukani kwa Shamte:
Chumba kipo. Maji, umeme. Miezi sita.

Aliyekuja ni Penieli, muuguzi wa Bombo, mtu wa Bumbuli,
na mtoto wa miaka minne,
na friji.

Watu husema Tanga ni waja leo waondoka leo.
Mwenye friji haondoki leo.

Mama, aliyesoma chuoni tu, msahafu na basi,
aliijua luku kuliko mafundi wa umeme:
"Jana tumelala na kumi na tisa, leo kumi na mbili.
Saba kala nani?"
Tukaketi ukumbini wanawake watatu na daftari.
Friji elfu nane. Taa elfu mbili.
Feni, tutasikia joto litasemaje.
Penieli akahesabu noti, akaongeza elfu moja:
"Ya pasi. Sare yangu nyeupe."
Mama hakujibu. Magharibi akapeleka bakuli la mbaazi
chumba cha tatu, mkono wa kushoto,
akarudi akasema, "Mtu anayejishitaki mwenyewe huyo."

Mengine hayamo daftarini.
Kukohoa kabla ya kupita.
Kwenda uani na kanga mbili, kwako mwenyewe, saa kumi alfajiri.
Kulia kwa sauti ndogo, siku ya hitima ya baba,
kwa kuwa nyuma ya ukuta mtu katoka zamu ya usiku, amelala.

Mwezi wa tano akaomba kupaka rangi.
Nikasema paka, nikasahau fremu ya mlango:
mistari ya penseli, Mbwana akirefuka,
mwandiko wa baba, tarehe kwa tarehe.
Nilipokumbuka nilikimbia na mikono ya unga.
Ukuta buluu. Fremu buluu.
Isipokuwa ukanda mmoja, upana wa kiganja,
mbao tupu, na penseli yote ipo.
Kando yake, kalamu nyekundu: Elia, Mei.

Mama alisimama pale mpaka chai ikapoa.
Akapima kwa shubiri.
"Minne kwa minne," akasema, "Mbwana alikuwa mfupi kuliko huyu."

Ijumaa simu ikalia. Mama, nakuja Idi hii,
chumba changu kiko tayari?
Mama akatazama juu.
"Chumba chako kimepanda darini, mwanangu.
Ukifika utakiona, ndilo bati hilo."
Kimya, kimya cha Maskati, kinacholipiwa kwa dakika.
"Utalala ukumbini. Siku mbili ni mgeni.
Ya tatu muulize dadaako bei."

Alicheka huko, au alikohoa, sikusikia vizuri,
mvua ilikuwa imeanza.
Niliweka ndoo chini ya ile pembe, kwa mazoea.
Asubuhi ilikuwa kavu.
Mtoto wa Penieli alikuwa ameketi ndani yake,
kavaa viatu vya Mbwana, mguu wa kulia kushoto,
na boksi sijui alilionaje.